Nichifor Nje ya Ukuta

Veturia alikuwa anakata vitunguu vya chakula cha matanga wakati mchimba kaburi aliporudi na sepetu isiyo na udongo. Akaiegemeza ukutani, akavua kofia, akasema Padri Eftimie amefunga lango la makaburini na kuondoka na ufunguo.

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Hajaenda popote, dada. Yuko kwake anakula. Nimemwona dirishani."

Veturia akaendelea na vitunguu, kwa sababu kabichi ilikuwa imeshachemka. Sebuleni, kwenye jeneza la msonobari, alilala baba yake, Mzee Nichifor, amevaa ile suti nyeusi aliyoivaa kila Jumapili kwenda kusali na Watubu. Hilo ndilo jina ambalo watu wa kijiji hicho cha Poiana Socului waliwapa wenzao wachache walioacha kanisa la wazazi wao, wakabatizwa upya mtoni na kuachana na pombe ya plamu. Mkewe, Casandra, hakumfuata. Alibaki na picha zake za watakatifu na mishumaa yake mpaka alipokufa, msimu wa baridi uliopita, akazikwa karibu na ukuta wa makaburi. Nichifor alimwahidi kwamba atakuja kulala ubavuni mwake.

Veturia hakuwahi mazishi ya mama yake. Alikuwa kazini Italia akimwogesha mama wa watu wengine, na theluji ilikuwa imefunga barabara. Safari hii aliwahi. Basi la kurudi Italia lilikuwa la Jumamosi.

Alivua aproni, akaenda kwa meya wa kijiji. Meya Haralambie alikuwa ofisini, anakula mbegu za alizeti na kutemea maganda kikombeni. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, lakini Veturia hakuweza kukaa.

"Kijiji kina mahali pamoja tu pa kuzikia," meya alisema. "Na utaratibu unajulikana: pakiwa pamoja tu, kila dini ina haki ya kuzika hapo. Padri apende asipende."

"Basi mwambie afungue."

"Taratibu, mwanangu. Nimesema kila dini. Baba yako alikuwa na dini?"

Veturia akamkazia macho.

"Usinitolee macho. Nilimsikia mwenyewe, kwenye harusi ya binti yangu. Mtu kamuuliza, Nichifor, hiyo dini yenu inakataza hata bia? Akajibu, 'Sisi hatuna dini. Dini ni ngazi anayojijengea binadamu apande kwa Mungu, na kila ngazi ni fupi. Sisi tuna Kristo aliyeshuka.' Ukumbi mzima ulisikia, maana alikuwa amesimama karibu na kipaza sauti. Sasa nimlazimishe padri kwa ajili ya mtu asiye na dini?"

"Yalikuwa maneno tu."

"Basi mchungaji wao aje aseme yalikuwa maneno tu. Aseme ni dini, imetosha. Mkasi wa kukatia kufuli ninao nyumbani."

Mchungaji Silvian alikaa mwisho wa kijiji, na Veturia alimkuta akirekebisha mizinga ya nyuki. Alipoambiwa, aliweka nyundo chini. Macho yake yalikuwa mekundu tangu Nichifor alipofariki.

"Dada Veturia, neno hilo siliwezi. Kuna watu hapa wamefukuzwa na baba zao kwa sababu nilihubiri kwamba imani siyo dini. Leo niseme ni dini, halafu Jumapili niwaambie nini?"

"Waambie mmemzika Nichifor."

"Nichifor yuko kwa Bwana. Lililobaki ni ganda. Tutalizika bondeni, kule kwenye matrekta mabovu, kwa nyimbo nzuri."

"Ganda hilo lilimwahidi mama yangu."

Mchungaji akainama, akaokota nyuki aliyekufa, akamweka juu ya mzinga. "Siwezi," alisema tena. Veturia aliona kwamba alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Aliporudi nyumbani, baba yake alikuwa ameketi ukingoni mwa jeneza, anajikuna shingo penye kola. Wanawake waliokuja kusaidia kupika walikuwa wamesogeza meza ili apate pa kuteremshia miguu.

"Nimechoka kulala chali," Nichifor alisema. "Wanasemaje?"

Veturia akamweleza yote, akiwa amesimama, akifuta sufuria ambayo ilikuwa kavu.

"Silvian amejibu vizuri," baba yake alisema. "Ndivyo tunavyoamini." Kisha akatazama dirishani, akakunja mikono, akaikunjua. "Ngoja nikamwone mama yako."

"Kumefungwa, baba."

"Si nitasimama nje."

Hakuweza kusimama mahali pamoja. Alianza kuuzunguka ukuta wa makaburi, na akifika alikoanzia anaendelea. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe, unamfika mtu kifuani, lakini Nichifor hakuwa mtu wa kuruka kuta. Mpaka jioni nyasi zilikuwa zimelala, pakawa na njia. Wapita njia walimpa pole kwa msiba. Alishukuru, akawauliza kama unga wa mahindi umefika dukani, akawaacha kabla hawajajibu.

Jua lilipokuwa linazama, Casandra alikuja ukutani kwa ndani, amejifunga kitambaa chake cha kichwani, akaegemeza viwiko juu ya mawe. Veturia alikuwa ameleta ugali na jibini, asijue anamletea nani.

"Umekonda," Casandra alimwambia. "Huko Italia hawali?"

"Wanakula, mama."

"Nilikungoja."

"Ilikuwa theluji, mama."

"Najua. Ilikuwa juu yangu."

Veturia akaweka bakuli chini. Alitaka kusema neno jingine, lakini Nichifor alikuwa anatokea kwenye kona, na mama yake alikuwa ameshageuka kumsubiri.

"Wewe mwanamume, simama hapo," Casandra alisema. "Maisha yote umenibishia. Nikiwasha mshumaa, unasema hiyo ni dini. Nikifunga Jumatano, dini. Nikibusu msalaba, dini. Neno halikukauka mdomoni. Leo nakuomba uliseme mara moja tu, unagoma?"

"Si kweli lakini, Casandra."

"Na mimi hapa niko peke yangu, ni kweli au si kweli?"

Nichifor akazunguka tena. Akazunguka usiku kucha, na asubuhi ya Ijumaa akaacha njia yake, akaenda moja kwa moja ofisini kwa meya, akasema, "Ni dini."

"Angesema mchungaji ingekuwa bora," meya alisema. "Lakini haya, umesema mwenyewe." Akapita kwake, akachukua mkasi wa vyuma, wakaongozana hadi nyumbani kwa padri. Veturia aliwafuata, na majirani wakamfuata Veturia.

Padri Eftimie alitoka na kitambaa cha chakula mkononi.

"Baba Padri," Nichifor alisema, "imani yangu ni dini." Aliyatoa maneno hayo kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni, na baada yake akashika nguzo ya uzio.

"Nimefurahi kusikia, Mzee Nichifor. Nimekuambia hivyo miaka mingi. Kwa hiyo unayo dini."

"Ninayo."

"Lakini siyo yetu."

"Siyo yenu."

"Hapo ndipo ugumu ulipo. Ungekuwa huna dini kabisa, ningekuhesabu kondoo aliyepotea, nikakuombea, nikakuingiza. Lakini mwenye dini nyingine nitamlazaje katikati ya mababu zetu?"

Wote wakamgeukia meya. Meya aliugeuza mkasi, akaupuliza. Uchaguzi ulikuwa karibu, na watu wa padri walikuwa wengi. Akasema umeshika kutu.

"Jana alikataliwa kwa sababu hana," Veturia alisema. "Leo kwa sababu anayo. Kesho mtasema nini?"

"Kesho nina ubatizo, mwanangu," padri alisema kwa upole, akarudi mezani.

Jioni hiyo Nichifor hakuja ukutani. Alikuwa anatembea mbali, kwenye mashamba ya viazi, amejiinamia. Casandra alisubiri mpaka akachoka. Kisha akapandisha sketi, akakanyaga jiwe la kaburi la mama mkwe wake, akaparamia ukuta, akarukia nje. Yeye alikuwa mtu wa kuruka kuta.

"Nimesema uongo, Casandra," Nichifor alimwambia alipomfikia. "Au nimesema kweli na zamani ndiyo nilikuwa nasema uongo. Sijui tena."

"Nyamaza. Tembea."

Wakatembea. Mchimba kaburi, aliyekuwa akirudi kutoka baa, aliwapisha njia na kuwasalimu.

Jumamosi wote wawili walikuja kituo cha basi. Casandra alikuwa amebeba mkate uliofungwa kwenye taulo. Veturia aliuliza watalala wapi.

"Kulala ni maneno ya kwenye nyimbo za mazishi," mama yake alisema. "Wewe kula."

Veturia aliushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi kama ndoo ya kisimani, na aliendelea kuushika dereva alipopiga honi, na alipopiga tena. Nichifor alikuwa ameshaanza kutembea, anakwenda na kurudi kando ya barabara. Ndani ya basi Veturia alibadilisha kiti, akabadilisha tena, na hata walipovuka mpaka alikuwa bado hajaegemeza kichwa.

Jumapili, Padri Eftimie alimwombea Casandra pumziko la milele mbele ya kaburi ambalo hakuwemo. Upande wa pili wa kijiji, Mchungaji Silvian alihubiri kwamba imani siyo dini, akalia katikati ya mahubiri, akaendelea. Huku na kule watu walijaa. Meya alishinda uchaguzi. Madereva wa malori walizoea kupunguza mwendo kwenye kona ya makaburi, hasa kukiwa na ukungu, kwa sababu wazee wale wawili hawakuwa na kawaida ya kutazama nyuma.

Majani yalipoanza kupukutika alikufa mjane mmoja wa Watubu, Tasia, aliyekuwa fundi wa kushona. Safari hii hakuna aliyekwenda kwa padri, wala kwa meya, wala kwa mchungaji. Majirani walimwogesha, wakamvalisha koti zito la baridi, na binti yake akaenda mjini kumnunulia viatu imara, vya soli nene, visivyoteleza.