Picha ya Kila Mtu

Umewahi kuona watu wakimwashia mshumaa mwanamke ambaye bado anawafulia mashuka? Mimi nimeona, mjukuu wangu, na mwanamke huyo alikuwa mama yangu, Eufrosina.

Picha yenyewe ilitundikwa chumbani kwetu, pale Mexico mjini, juu ya chungu cha kulowekea mahindi kwa chokaa. Mwanamke amepiga magoti, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi. Mapajani amemlaza mwanamume aliyekufa, miguu mitupu, na mahali pa uso pana kivuli tu. Nyuma yao mabua ya mahindi yamesimama kama bunduki.

Aliichora Mwalimu Lisandro Arrieta, yule aliyezoea kuchora picha kwenye kuta nzima za shule. Hii aliichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe zito kama kizingiti. Jiwe likapakwa wino, likakandamizwa karatasini. Mama ndiye aliyepiga magoti mbele yake wiki nzima ili achorwe, mimi nikichambua maharage pembeni. Baba yangu, Nicanor, alikuwa amepigwa risasi mwaka uliotangulia, katika mgomo wa kiwanda cha nguo kule Puebla. Hatukuwa na picha yake hata moja.

Karatasi ya kwanza ilipobanduliwa, mama alishtuka.

"Mbona mtandio umehamia bega jingine?"

"Jiwe hugeuza, Bi Eufrosina. Kushoto huwa kulia."

"Na yeye? Uso wake uko wapi?"

"Hana uso kwa sababu ni kila mtu. Ni wafu wetu wote."

Mama akasema asante. Akapewa nakala yake. Jiwe likasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka likawa tupu, tayari kwa picha nyingine.

Jirani yetu Bi Gumersinda alipoiona tu, alipiga ishara ya msalaba. "Mama wa Mungu, Mama wa Mateso!"

"Shoga, huyo ni mimi."

"Wewe? Na magoti yako hayo meusi ya kusugua sakafu? Usijipandishe mbinguni kabla hujaitwa!"

Wapangaji wa ua zima wakacheka. Lakini mshumaa aliuleta, na wengine wakaleta yao. Masizi yakapanda karatasini mwaka baada ya mwaka.

Mwaka mmoja, nikiwa kigori, Siku ya Wafu tunapowaandalia marehemu wetu meza, nilimsaidia mama kupanga mkate na maua ya manjano. Wenzetu waliweka picha za watu wao. Sisi tuliweka mshipi wa baba. Nikamuuliza, "Macho yake yalikuwaje?" Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Mkate ukabaki mkononi mwake.

Ndipo Mwalimu akapita kutusalimu. Akaiona mishumaa.

"Nilichora mapambano," akafoka, "ninyi mmenifanyia kanisa!"

"Vua kofia mbele ya Mama, au toka nje," Bi Gumersinda akamjibu.

Akaivua. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama alijifuta unga mikononi, kidole kwa kidole.

"Mwalimu, huyu kila mtu nimempakata miaka yote hii, na sijalalamika. Sasa nataka mume wangu, kabla sijamsahau. Nichoree Nicanor. Nyusi zilikutana. Meno ya mbele yalipishana. Kovu lilikuwa shavu la kushoto. La kushoto, Mwalimu. Jiwe lako lisije likanihamishia."