Aliyechoka Kusimama Ukurasa wa Arobaini

Chumba cha pasi kilikuwa na meza tisa na wanawake tisa, wala hakikuwa na kiti hata kimoja. Sheria ya kiwanda ilisema shati lililopigwa pasi na mtu aliyekaa hunyooka upande mmoja tu. Nani aliwahi kulijaribu jambo hilo, hakuna aliyejua.

Bibi Miwani ndiye aliyekuwa akiwasomea. Yeye alisimama dirishani na kitabu, na wenzake wanane wakagawana mashati yake, kila mmoja matano juu ya yake. Ndivyo walivyokubaliana tangu zamani, na mashati hayakuwahi kupungua.

Mwezi ule walikuwa na kitabu kilichochakaa hadi kikafungwa kwa uzi wa vifungo. Kilimhusu mtumishi wa nyumba ya kitajiri, msichana aliyesimama na beseni la maji nyuma ya viti mpaka mabwana washibe, ndipo awanawishe. Jumamosi kengele ililia katikati ya sentensi. Siku zote Bibi Miwani humalizia aya, lakini siku hiyo goti lilimuuma. Akakunja ukurasa wa arobaini, akaenda zake.

Jumatatu walimkuta yule mtumishi amekaa sakafuni chini ya dirisha, beseni pembeni, maji yamepoa.

"Shikamooni," alisema. "Mmeniacha nimesimama tangu juzi."

"Marahaba, mwanangu. Tuwie radhi, ni kengele ile," alijibu Bibi Miwani. Akafungua kitabu kuhakikisha. Kwenye ukurasa wa arobaini mabwana walikuwa wamenyoosha mikono yenye mafuta, na hapakuwa na wa kuwanawisha.

Meza ya tatu alikuwepo Mama Kijacho, mwenye mimba ya miezi minane. Miguu yake ilivimba hata akavaa ndala za mumewe, nazo alikuwa amezikata mikanda. Alimtazama mgeni kwa muda, pasi mkononi.

"Umewezaje kukaa, mdogo wangu? Hukuogopa?"

"Niliogopa, dada. Nikakaa na woga wangu."

Mama Kijacho akavuta robota la vipande vya vitambaa, akalikalia. Akapiga pasi shati. Likanyooka pande zote mbili, na kola juu. Kufika mchana, wote tisa walikuwa wamekaa juu ya marobota.

Msimamizi aliingia, akahesabu watu kumi. Akaleta daftari la wageni, mtumishi akatia kidole gumba. Hilo lilipokwisha ndipo alipouliza, "Nani kawafundisha kukaa?"

"Tumesoma," alisema Bibi Miwani.

"Hadithi ni maneno matupu, Bibi. Haijawahi kumkalisha mtu."

Hata hivyo alikichukua kitabu, akakitia katika kabati la dawa na kulifunga kwa kufuli mbili.

"Mbona kufuli mbili, baba?" aliuliza Bibi Miwani. "Maneno matupu yanatoroka?"

"Ni utaratibu," alisema msimamizi, akaondoka na marobota yote. Kesho yake ilani ilibandikwa ukutani: NI MARUFUKU KUKAA.

Mtumishi alibaki, maana ukurasa wake ulikuwa kabatini. Aliwanawisha wanawake mikono saa ya chakula, nao wakamnawisha yeye. Alasiri aliwasimulia sehemu ya kitabu iliyobaki, kwa kuwa yote yalimpata yeye mwenyewe. Bibi Miwani alisema baadhi ya sura zilikuwa nzuri kuliko zilizoandikwa. Walisimama wakisikiliza, kwa sababu msimamizi alikuwa amehamishia meza yake mlangoni.

Mama Kijacho alijifungua Alhamisi moja, saa mbili baada ya kutoka kazini, mtoto wa kike. Aliporudi wiki chache baadaye, kiti hakikuwepo, ilani ilikuwepo, na miguu ilikuwa haijapungua sana. Akashusha blanketi la kupigia pasi kutoka mezani, akalitandika sakafuni, akakaa, akavuta pasi.

Msimamizi alikuja akamsimamia kichwani.

"Simama ninapoongea na wewe."

"Ongea tu, bosi. Masikio yangu hayako miguuni."

Bibi Miwani akashusha blanketi lake pia, taratibu, kwa ajili ya goti. Kisha meza ya nne, ya tano, na nyingine zote. Msimamizi akawasomea sheria ya kiwanda tangu mwanzo hadi mwisho, naye alikuwa amesimama. Walimsikiliza vizuri, kama walivyozoea kumsikiliza mtu anayesoma, na kazi haikulala.