Tumbo la Kambare

Kila asubuhi, nyuma ya ploti yao mtaa wa Kongo, Kawangware, Okeyo alimtoa kambare jike kwenye tangi akamminya tumbo kuona kama ana mayai. Hakuwa nayo. Leo Beth, daktari wa samaki, alimkanya.

“Ni wewe unayemzuia. Ukimshika anaingiwa na hofu, ubongo wake unamwaga homoni za hofu, na zile za kuivisha mayai zinazimika. Mwache atulie.”

Okeyo alimrudisha kambare tangini. Alimkumbuka Adhis, aliyekuwa mkewe. Kila Jumapili baada ya kanisa, mamake Okeyo alikuwa akija kumpapasa Adhis tumbo, hata kabla ya salamu, naye Okeyo akisimama pembeni kungoja jibu. Mwishowe Adhis alifungasha vitu vyake akaenda.

Jioni alipita mtaa wa Kisumu Ndogo. Adhis alikuwa akikaanga samaki kando ya njia, mtoto wake amelala mgongoni.

“Niaje, Okeyo. Kambare wako amezaa?”

“Bado. Daktari amesema niache kumshikashika.”

Adhis aligeuza samaki kwenye karai, polepole.

“Kwa hivyo ulikuwa unangoja daktari.”