Piano ya Chaki

Mwalimu wa kwanza aliuliza swali moja tu, tena hata kabla hajawakaribisha ndani. "Nyumbani mna piano?"

"Hatuna, mwanangu," Bibi akajibu.

"Basi nunueni kwanza, halafu mje."

Wa pili naye akasema hayohayo, ila yeye kwa simu. Bibi akarudi kwenye chumba chake cha ushonaji, akavua viatu, akamgeukia mjukuu wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Usininunie mimi. Kitendawili!"

"Tega."

"Ndugu weupe kwa weusi wamelala kitanda kimoja, ukimgusa mmoja anaita."

"Piano! Lakini Bibi, kitanda chenyewe si ndicho hatuna?"

"Tutakichora."

Akaondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akashika tepu na chaki ya fundi, akachora vibao vyeupe na vyeusi kama alivyovikumbuka. Yeye mwenyewe alijifunza hivyohivyo, akiwa na miaka kumi. Mwalimu wake alikuwa karani wa posta, mtu mwembamba mwenye wino vidoleni, na piano hakuwa nayo. Alikuwa na meza ya jikoni. Jioni alichora, akahesabu "moja na mbili na," na Bibi akacheza wimbo mzima bila sauti, chai ikitokota pembeni. Akikosea, karani alitabasamu na kusema, "Aa, hapo umenikanyaga." Siku ya Jumamosi ukumbi wa mtaa ulifunguliwa, wakagusa piano ya kweli kwa zamu. Raha ya siku zile! Hata leo Bibi akinusa gundi ya bahasha, vidole huanza kutembea vyenyewe.

Lakini aliacha. Msimamizi wa ukumbi alimsikiliza Jumamosi moja, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto hana mkono wa piano." Bibi akaamini, akashika sindano.

Miezi miwili Chiriku alicheza mezani, na kila siku Bibi alimwonya, "Polepole, mama, usinifutie chaki. Mgongo wangu hautaki kuinama tena." Ndipo wakampata mwalimu wa tatu, mwanamke wa makamo aliyefundisha katika chumba cha juu ya duka la dawa. Huyu hakuuliza habari ya piano. Alisema tu, "Nitamsikiliza mara moja. Asiponifaa nitasema ukweli, msinichukie."

Bibi akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Huyu akikataa, hakukuwa na wa nne.

Chiriku akacheza. Vidole vilikwenda sawasawa, hakuna kilichopotea njia, lakini sauti ilitoka kama paka anayepita juu ya zulia. Vibao vingine havikusema kitu kabisa.

Mwalimu akakunja uso. "Vidole anavyo, mama. Mkono ndio hana."

Maneno yaleyale! Bibi akamtazama tena mjukuu wake, namna vidole vilivyokuwa vikigusa na kuruka upesi, kana kwamba vinaogopa kuchafuka. Ghafla akajipiga paja.

"Mkono anao, mwalimu! Anaogopa kufuta chaki!"

Akaeleza habari ya meza. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, Chiriku, hii haifutiki. Kandamiza mpaka chini, kama unakanda unga."

Chumba kikajaa sauti. Kule chini muuza dawa akagonga dari kwa ufagio.

"Mzoee huyo," mwalimu akasema. "Jumanne, saa kumi. Usichelewe."

Chiriku akaruka na kupiga makofi, ila Bibi hakuinuka. Alikuwa mbali, kwenye ukumbi wa Jumamosi.

"Hata karani alikuwa akiniambia nisifute," akasema taratibu. "Kila siku. Miaka sitini najua sina mkono."

Mwalimu akamsogeza Chiriku kando, akagonga kiti cha piano. "Njoo, mama."

"Mimi nimemleta mtoto."

"Mtoto ameshapata. Njoo."

Bibi akaketi. Akachagua kibao kimoja, akakikandamiza mpaka chini, akakishikilia. Sauti ikatoka nene, ikaenea, ikaanza kwenda zake.

"Endelea basi, Bibi!"

"Nyamaza kwanza," Bibi akasema. "Bado haijaisha."