Bwawa Lililoshiba

Tekla Mkude, mlinzi wa malango ya bwawa la Kinolwa kwa miaka kumi na tisa, alipitiwa na usingizi mchana kweupe, kichwa kikimgonga kwa maneno ya asubuhi. Wingu zito lilikuwa limetanda vileleni na bwawa, kama wasemavyo watu wa mlimani, lilikuwa limeshiba hadi ukingoni. Kesho yake yalikuwa mashindano ya makasia, na Bwana Faustini wa kamati alikuwa amemsihi asubuhi hiyo, "Dada Tekla, usiyapunguze maji, mitumbwi itatulalia matopeni." Chini ya ukuta kulikuwa na kijiji cha Lukwale na nyumba zake zote. Tekla alijibu kwamba ukuta utashika. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alipenda kuliona bwawa limejaa, wageni wa mjini wakilipiga picha na kumsifu.

Basi akaota anatembea juu ya ukuta usio na mwisho, wakamjia wanawake wawili mapacha, sura moja. Wa kwanza, aliyevaa hariri, akampigia magoti. "Shikamoo, mwenye maji. Usifungue kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki." Tekla akachanua, na nani asingechanua? "Karibu, Fahari," akamwambia.

Wa pili, aliyevaa mabuti ya mpira yenye tope, akacheka. "Umekosea, mwanangu. Huyo ni dada yangu Kiburi. Watu hawaishi kumwita kwa jina langu. Yaliyomwagika hayazoleki, ni kweli. Lakini yaliyofunguliwa yana njia yake, yapite mabombani yanyweshe mji, yapite mtoni yanyweshe mashamba. Ukuta wa kujivunia ni ule unaojua kuachia. Hebu weka kiganja hapa." Tekla akaweka. Saruji ilikuwa inatetemeka kama kifua cha mtu anayezuia kikohozi.

Akazinduka akitweta, na aibu ikamjaa, maana alijua sasa kwamba siku zote alikuwa akimtumikia Kiburi. Akakimbilia gurudumu la lango, akalizungusha hadi mabega yakamuuma, na maji yakatoka yakinguruma, yakafuata mto wake kwa adabu.

Faustini alifika mbio. "Umetuvunjia mashindano, dada."

"Nimeyavunja," akasema Tekla. Huko Lukwale moshi wa majiko ulikuwa unapanda, kila nyumba na wake, naye akasimama wima akiuhesabu, kwa fahari, na safari hii hakukosea jina.