Waliokaa Benchi la Nyuma

Mume wangu ananiita Bi Udadisi, na sina ubishi naye. Kazi yangu ni kupima macho, lakini mdomo wangu una kazi yake ya pembeni: kila anayekaa kwenye kiti changu lazima nimuulize alisoma wapi, shule ya serikali au ya kulipia. Wengine hudhani ni sehemu ya kipimo, hunijibu kwa heshima zote.

Udadisi huu ulianzia kwenye lenzi. Nikitafuta miwani ya mtu, humwekea lenzi moja mbele ya jicho, kisha nyingine, na kumuuliza, "Ya kwanza au ya pili?" Waliosoma shule za kulipia hubishana nami. "Rudisha ya kwanza. Hapana, hebu ile nyingine. Hivi hamna ya katikati?" Utadhani wananunua viatu. Waliosoma za serikali, kama mimi, hunitazama usoni wakitafuta jibu ninalolitaka, kisha husema, "Zote nzuri tu, daktari." Mimi si daktari, ila nimechoka kukanusha. Mume wangu, aliyesoma ya kulipia, huipinga nadharia yangu kwa nguvu zake zote, na kwangu huo ni ushahidi tosha.

Basi asubuhi moja waliingia ndugu wawili, dada mtu na mdogo wake wa kiume. Kaka alikuwa mhandisi wa barabara, amevaa miwani yenye vioo vinene kama kitako cha glasi. Dada alikuwa mshonaji katika hospitali: mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, yote yalipita chini ya cherehani yake. Alikuwa ameomba kazi ya udereva hapohapo hospitalini. Wangemfundisha wenyewe kuendesha, mradi kwanza apeleke cheti cha macho.

"Nimeshona nimeinama tangu usichana," aliniambia. "Kabla sijazeeka nataka kazi ya kutazama mbele."

Aliisema huku anacheka, lakini vidole vilikuwa vinasokota kona ya mtandio. Nikajua anaitaka kazi ile kwa kufa na kupona.

"Nianze mimi, dada, uone hakuna sindano," kaka alisema. Miwani yake ilikuwa ya zamani na alitaka mipya. Dada akabaki kwenye benchi la wateja, ng'ambo ya pazia.

Kaka hakuniangusha. Alibishana na kila lenzi. Nilipomuuliza swali langu alijibu bila kusita kwamba alisoma shule ya kulipia tangu chekechea, kwa kuwa yeye alizaliwa baba yao alipokwisha kupata cheo. Dada alikuwa amezaliwa wakati wa dhiki, akaenda ya serikali.

"Tumbo moja, nyumba moja, chungu kimoja," alisema. "Mimi nikafika chuo kikuu, yeye akaishia darasa la saba. Shule ni shule, daktari. Ingawa baba alikuwa akisema dada ana kichwa kizito tangu mwanzo."

"Na wewe unasemaje?"

Akafikiri. "Sijui. Ananishinda kukumbuka kila kitu. Ukimwambia namba ya simu leo, mwakani anakutajia."

Hilo lilinikaa kichwani. Tukamaliza na kadi ya herufi ukutani. Alisoma vizuri hadi mstari wa chini kabisa, pale akakwama: "H... hapana, N." Ilikuwa H. Nikacheka, nikamwambia macho yake yana kiburi kama mwenyewe.

Kadi yangu ina pande mbili, na herufi za huku si za kule. Mzee aliyenifundisha kazi alinizoeza kuigeuza kila anapokuja mteja mwingine, nami hufanya hivyo bila hata kufikiri, kama mtu anavyofuta meza. Nikaigeuza, nikamwita dada. Kaka akasimama pembeni, mikono mfukoni.

Nilimuuliza dada swali langu kwa mazoea tu. "Serikali," alisema, akakaa wima kama askari. Nikamziba jicho moja. Akavuta pumzi, akaanza kusoma kwa sauti nzuri iliyopangika, mstari kwa mstari, bila kukosea hata herufi moja. Tatizo ni kwamba alikuwa anasoma upande wa pili wa kadi, ule aliousoma kaka, ambao sasa ulitazama ukuta. Alipofika mstari wa chini akasita, akasema, "H... hapana, N."

Kaka alicheka kwanza. Kisha akaiangalia kadi, akamwangalia dada yake, kicheko kikamkauka mdomoni.

Nilikwenda nikasimama karibu na kadi, nikainua vidole vyangu. "Dada, hivi ni vingapi?"

Alinitazama usoni, ule utazamaji ninaoujua. Kisha mabega yakamshuka.

"Nimefeli?"

"Hapa hakuna kufeli."

"Kila wanaposema hakuna kufeli," alisema, "mimi hufeli."

Nilimwambia ukweli wote bila kupamba. Kwamba macho yake yanaona karibu tu, ndiyo maana anatunga uzi kwenye sindano bila shida. Kwamba yana dawa, na dawa yenyewe ni vioo viwili. Kwamba dereva mwenye miwani ni dereva kamili. Hakuniamini. Ilibidi nimvalishe fremu ya majaribio, ile inayomfanya kila mtu afanane na bundi, nikaanza kutia lenzi. "Ya kwanza au ya pili?"

"Yoyote, daktari. Zote nzuri."

"Dada," kaka alisema, sauti imebadilika, "bishana naye. Mimi humbishia."

Ikachukua muda. Kwanza alisema, "Labda ya pili." Halafu, "Ya kwanza." Halafu, kwa ukali ambao hata yeye ulimshtua, "Siyo hiyo! Rudisha!" Nilifurahi kama niliyetukanwa na mtoto anayeanza kuongea. Tulipomaliza, lenzi zake zilikuwa karibu sawa na za mdogo wake. Alisoma kadi yangu hadi chini, taratibu, na safari hii alikuwa anasoma kadi yenyewe.

"Wewe ulijuaje kwamba huoni?" dada alimuuliza kaka yake.

"Sikujua. Mwalimu ndiye aliyejua. Wiki ya kwanza tu aliona nakunja uso. Tulikuwa wachache, alikuwa anapita kwenye kila dawati."

"Sisi tulikuwa mia na ushee," dada alisema. "Mimi nilikuwa mrefu, nikawekwa benchi la nyuma. Ubaoni nilikuwa naona weupe tu. Nilidhani wote wanaona weupe, ila wenzangu wana akili ya kuusoma. Basi wa mbele wakisoma, na mimi nashika kwa masikio, nasoma nao. Mwalimu wetu hakuwa mbaya. Alikuwa mmoja."

Akainuka na fremu yake ya bundi, akaenda mlangoni. Alianza kusoma mabango ya barabarani kwa sauti: duka la dawa, fundi simu, usitupe taka hapa. Kaka alikuwa anacheka na kufuta macho kwa pamoja. Kisha dada akatugeukia.

"Baba amekufa anajua mtoto wake wa kwanza ni mjinga."

"Dada, baba hakuwa..."

"Alikuwa akisema nina kichwa gani?"

Kaka alivua miwani yake, akaanza kuifuta kwa shati. Mimi, Bi Udadisi mzima, niliinamia cheti na kuanza kukiandika. Niliandika kwamba anaona vizuri kwa miwani na anafaa kuendesha gari, nikapiga muhuri, nikampa. Kazi aliyoitaka sasa ilikuwa mikononi mwake.

Alikisoma chote, kisha akakikunja.

"Benchi letu la nyuma lilikuwa linaimba lote, daktari. Si mimi peke yangu. Tulikuwa tukisoma kwa sauti kuliko hata wa mbele, mpaka mwalimu anatusifu. Wengi wao hawakufika hata darasa la saba." Alinikazia macho, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuta usoni kwangu jibu ninalolitaka. "Wewe unauliza kila mtu alisoma wapi. Wale umewahi kuwauliza?"

Nikamwambia sijawahi, kwa sababu hawaji hapa.

"Mmoja anauza mkaa nyuma ya hospitali," alisema. "Funga ofisi, twende."

Nikachukua kadi yangu ukutani, nikafunga mlango, nikawafuata.