Kichaka Kisicho na Kondoo

Mwinjilisti Nakiete alilala mchana wa Jumamosi, na tuseme ukweli, hakulala kwa uchovu bali kwa kukimbia. Kesho yake ilikuwa zamu yake mimbarani, na somo la Kwaresima lilikuwa la Ibrahimu kumpandisha Isaka mlimani. Waumini walilipenda somo hilo: mtoto amefungwa, kisu kiko juu, kondoo anaonekana kichakani, mwinjilisti anasema hiyo ilikuwa picha ya Masiha, kwaya inasimama. Lakini Nakiete alikuwa amemzika Elirehema, mwanawe wa pekee, kabla ya Krismasi. Aliomba muda wote wa ugonjwa, na kondoo hakuonekana. Sasa asimame aseme nini? Alimtuma mumewe, Elikunda, akamwambie mchungaji atafute mtu mwingine. Elikunda akaitikia kwa kichwa tu, kama alivyoitikia kila kitu tangu msiba, akatoka. Nakiete akajinyoosha kwenye kochi, khanga usoni, na usingizi ukamchukua pamoja na machozi yake.

Akajikuta katika nchi ya vivuli. Giza halikuwepo, mwanga mweupe ulitoka nyuma ya kilima kilichokuwa mbele yake, na ardhi yote ilifunikwa na vivuli virefu visivyo na wenyewe. Hapa palikuwa na kivuli cha nyoka aliyetundikwa juu ya mti, na mti wenyewe haupo. Pale kivuli cha mlango, na kwenye miimo yake kitu kizito kilikuwa kikichuruzika bila sauti. Kule samaki mkubwa, na tumboni mwake mtu akigeuka-geuka kama mgonjwa aliyekosa usingizi. Hakuna ndege aliyelia. Nakiete alipokanyaga kivuli kimoja, baridi ilimpanda hadi magotini, na alipoinama kutafuta cha kwake hakukiona. Hofu ikamshika kweli kweli.

"Karibu, mtumishi!" Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye suti iliyopigwa pasi na kurunzi mkononi, ingawa mwanga ulikuwepo. "Naitwa Jibu-Jepesi. Usiogope chochote hapa, nitakufafanulia." Akamulika nyoka. "Mfano tu." Kivuli kikanywea hadi kikawa kama jani kavu, naye akakiokota akakitia mfukoni. Akamulika samaki. "Mfano tu." Mfuko ukatuna, na ndani yake kitu kikawa kinapumua.

Ndipo vivuli viwili vikapita: mzee, na mtoto aliyebeba kuni. Mtoto alitembea akitupa mguu wa kushoto pembeni, vilevile kama Elirehema. Jibu-Jepesi akainua kurunzi. "Na huyu pia mfano tu, mama. Mfano hauliliwi."

"Mfano ni wewe na ukoo wako!" Nakiete akaipiga ile kurunzi ikaanguka. "Huyo ni mtoto! Ana mama, yuko nyumbani anamngoja!"

"Mwache, dada. Huyo hajawahi kujifunza kukaa na watu." Aliyesema alikuwa mwanamke mwenye miguu mitupu na mkeka kwapani, kama anayekwenda matangani. "Mimi ni Subira. Vivuli hivi si vya uongo. Kila aliyefungwa alifungwa kweli, na aliyemlilia alilia kweli. Lakini hebu tazama miguu yao." Nakiete akatazama. Vivuli vyote viliungana nyayoni, vikarudi nyuma ya kilima hadi mahali pamoja. "Kuna Mmoja anakuja, na mwanga uko mgongoni mwake. Ndiyo maana kivuli chake kimetangulia kufika, karne nyingi kabla ya yeye mwenyewe."

Wakapanda. Kileleni kivuli cha mtoto kilifunguliwa kamba, kikashuka mbio kwenda nyumbani. Kisha akaja mtu mwenye mwili, amebeba gogo begani, wala hakuna sauti iliyoita kutoka mbinguni. Nakiete, kwa kuwa ni mama, alikimbilia kichakani. "Lazima yupo! Mbona yule alipata?" Akapenyeza mikono kwenye miiba, akapapasa huku na huku. Hakukuwa na kondoo. Matawi yalikuwa yamekatwa, na aliyeyakata ameyasokota yakawa kitu cha kuvikwa kichwani.

Mwanga ukafifia. Nyuma yake Nakiete akasikia baba akilia, kilio cha mtu mzima anayekibana kifuani mpaka kinampasukia. Jibu-Jepesi akafika akihema, akafungua kinywa.

"Nyamaza," Subira akamwambia. "Uko msibani."

Akatandika mkeka. Nakiete akakaa karibu na yule anayelia, asithubutu kumtazama. Hakuna aliyesema kazi ya Mungu haina makosa. Walikaa hivyo, mpaka yule Baba akamuuliza kwa upole, "Wako alikuwa anaitwa nani?"

"Elirehema," akasema, na akaamka akilitamka.

Jua bado lilikuwa ukutani. Wanaotaka kusikia kwamba kidole chake kilikuwa na mwiba wakatafute hadithi nyingine. Hapakuwa na mwiba. Ila kilio kilikuwa hakijakoma. Kilitoka uani. Nakiete akachungulia, akamwona Elikunda ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, amejiziba mdomo kwa kofia yake.

Hapo likamwingia. Miezi yote hii alikuwa akiuliza Mungu alikuwa wapi kondoo alipokosekana, kumbe Mungu mwenyewe ni mmoja wa waliokosa kondoo. Na hapa nyumbani alimwacha baba mwingine alie peke yake. Aibu ikamjaa, na pamoja nayo huruma aliyodhani imekwisha. Akachukua mkeka wa matanga uliokuwa nyuma ya mlango, akautandika uani.

Elikunda akajifuta haraka. "Ndiyo nilikuwa natoka, naenda kwa mchungaji."

"Usiende. Nitasoma mwenyewe."

"Utawaambia nini, Mama Elirehema?"

"Kwamba mwenye kivuli hakuletewa kondoo, na baba yake alikuwepo akiona." Akasogea kumpa nafasi. "Kaa, Baba Elirehema. Nikumbushe mwanetu alivyokuwa anatembea."

Elikunda hakukaa. Alisimama katikati ya ua, machozi yakimtiririka waziwazi, akaanza kutembea akitupa mguu wa kushoto pembeni.